Kabla ya Morogoro, mwanafunzi wa mifugo alikwenda wapi?

Kila mwaka majina ya udahili yakitoka, kuna kijana wa PCB au CBG anayejikuta amechaguliwa kusoma Shahada ya Sayansi ya Wanyama pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA. Swali la kwanza analoulizwa nyumbani ni hili: "Kwa hiyo unakuwa daktari wa mifugo?" Akisema hapana, linakuja la pili, nalo lina kejeli ndani yake: "Sasa chuo kizima unakwenda kusomea kuchunga?" Kama ni wewe uko kwenye hali hiyo sasa hivi, pole, na karibu. Mimi shahada hiyo ninayo, nimeongeza na ya pili juu yake, na mjomba wangu wa Kihonda hadi leo ananiita daktari na kuniletea kuku wanaokohoa.

Jibu fupi ni kwamba daktari wa mifugo anaitwa mnyama akiumwa, au asije akaumwa. Sisi tunaanzia kwa mnyama ambaye haumwi kabisa. Ng'ombe mzima wa afya, anakula, anatembea, na bado anatoa lita mbili za maziwa kwa siku wakati wa jirani anatoa kumi na mbili. Kwa nini? Amekula nini? Baba yake nani? Joto la hapa anaweza kulivumilia? Na zile lita kumi na mbili, zikishakamuliwa, zinafika sokoni zikiwa bado maziwa au zimeshakuwa kitu kingine?

Jibu refu ni historia. Mgawanyo huu wa kazi, yule anatibu na huyu anazalisha, haukushuka kutoka mbinguni. Hapa kwetu umepita Mpwapwa, Kampala, Kabete na hata Norwei kabla ya kutulia chini ya milima ya Uluguru.

Tuanzie kwenye msiba. Mwaka 1887 sotoka iliingia Pembe ya Afrika kupitia Massawa, bandari iliyokuwa mikononi mwa Waitaliano, ikiwa imebebwa na ng'ombe wa jeshi. Ndani ya miaka minne hivi ilikuwa imeshuka hadi nchi ambayo leo ni Tanzania, na kufikia 1896 ilikuwa imevuka hadi kusini mwa Afrika. Wafugaji walipoteza mifugo kwa kiwango ambacho hata ukisoma leo unashindwa kukipatia picha: maboma yenye ng'ombe mamia yalibaki na wachache, mengine bila hata mmoja. Wamaasai wanakikumbuka kipindi hicho kwa jina la Emutai, maana yake kuangamia. Njaa ikafuata, ndui ikafuata, na Wajerumani nao walikuwa ndiyo wanaingia.

Kuna sehemu ya pili ya msiba huu ambayo haisemwi sana. Mwaka 1977 Helge Kjekshus, Mnorwei aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha kitabu chenye hoja kwamba mifugo na watu walipopungua, pori lilirudi. Maeneo yaliyokuwa yanachungwa na kulimwa yakaota vichaka, wanyamapori wakaongezeka, na mbung'o wakawafuata. Mbung'o wanaleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Kwa hiyo sehemu nyingi ambazo wakoloni walizikuta "tupu" na kuziandika kwenye ramani kama nchi isiyofaa kwa ng'ombe, hazikuwa hivyo tangu mwanzo. Wanahistoria wengine wamembishia Kjekshus kwamba amepaka rangi nzuri mno hali ya kabla ya ukoloni, na naona wana hoja. Lakini kiini chake kinabaki: malisho ni kitu kinachotengenezwa na mifugo na watu wanaoichunga. Mifugo ikiondoka, nyasi hazikai zikikusubiri.

Ndiyo maana utaalamu wa kwanza wa kisasa wa mifugo hapa ulikuwa wa magonjwa. Huwezi kuzungumzia maziwa wakati ng'ombe wanakufa. Wajerumani walianzisha kituo Mpwapwa mwaka 1905, na Waingereza walipoichukua Tanganyika wakaifanya Mpwapwa kuwa makao ya idara ya mifugo. Kazi ilikuwa chanjo, majosho, karantini. Mwafrika aliyefundishwa alifundishwa kuwa msaidizi: kushika mnyama, kuchoma sindano, kupeleka taarifa kwa bwana mkubwa. Neno "bwana mifugo" tunalolitumia mpaka leo linabeba sura hiyo, mtu wa serikali anayekuja na sindano na daftari.

Hata hivyo Mpwapwa ndiko kulikoanza jambo jingine, na hapa ndipo mimi ninapochangamka. Katika miaka ya 1930 maofisa wa pale waliuliza swali lisilokuwa la magonjwa: je, tunaweza kupata ng'ombe mmoja anayevumilia ukame wa Dodoma, kupe na jua, na bado akatoa maziwa ya maana? Ng'ombe wa Ulaya walikuwa wanatoa maziwa lakini wanakufa kwa ndigana kali. Zebu wetu wa asili walikuwa wanaishi, ila maziwa yao yanamtosha ndama na kikombe cha mwenye nyumba. Wakaanza kuchanganya. Waliingiza damu ya Sahiwal na Sindhi wekundu kutoka Bara Hindi, zebu ambao tayari walikuwa wamezoea joto na kukamuliwa. Wakaongeza Boran wa kaskazini, zebu wa Tanganyika wenyewe, na Ayrshire kidogo kutoka Uskoti. Mchanganyiko uliotokea ulihesabiwa hivi: Sindhi asilimia 32, Sahiwal 30, zebu wa Tanganyika 19, Boran 11, Ayrshire 8. Mwaka 1958 ng'ombe huyo akapewa jina rasmi: Mpwapwa.

Tazama hesabu hiyo vizuri. Asilimia 92 ya damu yake ni ya zebu, wa kwetu na wa ng'ambo ya bahari, na nane tu ndiyo Ulaya. Waliomtengeneza walikuwa wameelewa jambo ambalo miradi mingi ya baadaye ililisahau: kwenye nchi kavu, kwanza ng'ombe aishi. Kazi ile ilihitaji ujuzi usiofanana na wa sindano. Ilihitaji kuandika kila ndama kazaliwa na nani, mama kakamuliwa kiasi gani, miaka ishirini mfululizo, vita ikiwepo na isipokuwepo. Kwa maneno mengine, sayansi ya wanyama ilikuwa inafanyika Mpwapwa kabla hapajawa na Mtanganyika hata mmoja anayeruhusiwa kuisomea shahada nyumbani kwao.

Sasa turudi kwenye kichwa cha habari. Tuseme ni mwaka 1964, wewe ni kijana wa Singida, umefaulu vizuri baiolojia na kemia, baba yako ana ng'ombe arobaini, na unataka kusoma mambo ya mifugo mpaka chuo kikuu. Unakwenda wapi?

Dar es Salaam hakuna. Chuo cha pale kilianza 1961 na somo moja, sheria, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, na ndiyo kwanza kinahamia Mlimani. Tangu Juni 1963 nchi tatu zilikuwa na chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Nyerere ndiye mkuu wake. Mpango ulikuwa wa kugawana, kwa sababu hakuna nchi iliyokuwa na fedha ya kujenga kila kitu. Udaktari wa binadamu na kilimo vikae Makerere. Uhandisi na udaktari wa mifugo vikae Nairobi. Sheria ikae Dar. Kwa hiyo wewe wa Singida ukitaka kutibu ng'ombe, unapanda treni na basi mpaka Kabete. Ukitaka kumlisha na kumzalisha, unakwenda Kampala, kwenye kitivo cha kilimo, na huko mifugo ni sehemu tu ya masomo pamoja na pamba na migomba.

Umeona mgawanyo ulivyoanza kujengwa kwa matofali? Mtibabu na mzalishaji waliwekwa kwenye miji miwili tofauti, nchi mbili tofauti, maili mia kadhaa kati yao. Sidhani aliyechora ramani ile alikuwa na nadharia yoyote kichwani. Alikuwa anagawa majengo. Lakini majengo yana tabia ya kugeuka kuwa fikra.

Morogoro inaingia 1965, kwa unyenyekevu. Kilianzishwa chuo cha kilimo cha ngazi ya stashahada, nje kidogo ya mji, mahali ambapo ukitazama kusini mlima umekuziba kabisa. Kazi yake ilikuwa kutoa mabwana shamba na mabwana mifugo wa ngazi ya kati. Halafu siasa ikafanya kazi yake. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa katikati ya 1970 na kila nchi ikabaki na chake. Tanzania ilibaki na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kisichokuwa na kilimo, katika nchi ambayo miaka mitatu tu nyuma, kwenye Azimio la Arusha, ilikuwa imetangaza kwamba kilimo ndio msingi wa maendeleo. Chuo cha Morogoro kikapandishwa kuwa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na shahada ya kwanza ya kilimo ikaanza kutolewa hapa. Januari 1971 Idi Amin akaipindua serikali ya Obote, na uhusiano wa Dar na Kampala ukageuka uadui wa wazi. Njia ya zamani ya Makerere isingefaa tena hata kama ingebaki wazi.

Udaktari wa mifugo ulichelewa kidogo. Misitu iliongezwa Morogoro 1974, na mwaka 1976 ndiyo ikaundwa divisheni ya sayansi za mifugo, kitivo kikabadilishwa jina tena. Mwaka uliofuata, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Sikwambii kwamba moja lilisababisha jingine, maana 1976 ilitangulia. Ila ukitaka kujua kwa nini nchi maskini iliona haraka ya kuwa na madaktari wake wa mifugo waliofundishwa nyumbani, angalia tarehe hizo mbili zilivyokaa jirani.

Basi mtibabu na mzalishaji wakakutana tena, safari hii kwenye kampasi moja. Wamekutana, ila hawajaoana. Mpaka leo udaktari wa mifugo una ndaki yake na miaka yake mitano, na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inaeleza nani anaruhusiwa kutibu. Sayansi ya wanyama iko upande wa kilimo, jirani na mazao na udongo. Kijana wa mwaka wa kwanza anaona ni mambo ya majengo tu. Akimaliza na kuanza kutafuta kazi ndipo anagundua kwamba kwa mfugaji yeyote, mtaalamu ni yule mwenye sindano.

Jina la Sokoine lilikuja kwa ajali. Edward Moringe Sokoine alizaliwa Monduli 1938, mtoto wa jamii ya wafugaji wa Kimaasai, akafika kuwa Waziri Mkuu. Tarehe 12 Aprili 1984 alikuwa anarudi Dar es Salaam kutoka Dodoma kwa barabara, na gari lake likapata ajali Dakawa, mkoa huu huu wa Morogoro. Sheria Namba 6 ya mwaka huo ikakifanya kitivo cha Morogoro kuwa chuo kikuu kamili, kikaanza rasmi Julai 1984, miezi mitatu baada ya msiba, kikiwa na jina lake. Kwa hiyo chuo cha kilimo cha nchi kina jina la mtu aliyetoka kwenye boma la ng'ombe. Tuliweke hilo pembeni kidogo, nitalirudia.

Nini kilifundishwa? Hapa ninaomba uvumilivu wako, maana tunaingia kwenye hesabu kidogo.

Taaluma yenyewe ya kuboresha mifugo ina babu wawili wanaotajwa kila darasa. Wa kwanza ni Robert Bakewell, mkulima Mwingereza wa karne ya 18, aliyekuwa anazalisha kondoo kwa kuwapandisha ndugu kwa ndugu na kukodisha madume kwa majirani ili aone watoto wao wanavyokuwa kwenye mashamba mengine. Wa pili ni Jay Lush wa Iowa, Marekani, ambaye katika miaka ya 1930 alichukua takwimu mpya za vinasaba na kuziweka kwenye mikono ya mfugaji. Wazo lake kubwa unaweza kulielewa bila chuo. Tuseme kijiji kina mbuzi wanaotoa wastani wa lita 1 kwa siku. Unachagua wale wanaotoa lita 1.5 ndio wazae kizazi kijacho. Watoto wao watatoa 1.5? Hapana. Sehemu ya ubora wa mama ilitokana na majani mazuri, banda zuri, bahati. Sehemu tu inarithiwa. Kwa maziwa, sehemu hiyo mara nyingi ni kama theluthi moja, au chini yake kidogo. Chukua 0.3 ya ile tofauti ya nusu lita, unapata 0.15. Watoto watakuwa na wastani wa lita 1.15, ikiwa wazazi wote wawili wamechaguliwa kwa ukali ule ule.

Ni kidogo, eeh? Ndiyo maana uchaguzi ni kazi ya vizazi, na ndiyo maana kila mtu mwenye haraka anakimbilia njia ya mkato: kuleta dume la kigeni. Dume la mbari inayotoa lita nyingi likipanda jike wa kienyeji, mtoto chotara anaruka mara moja, na juu yake anapata kile tunachokiita nguvu ya chotara. Tatizo linaanza kizazi cha pili na cha tatu. Ukiendelea kuongeza damu ya kigeni, uvumilivu unashuka. Ukirudisha ya kienyeji, maziwa yanashuka. Ukiwaacha chotara wapandane wenyewe, sehemu ya ile nguvu inapotea. Mpwapwa walilijua hilo na wakakaa nalo robo karne.

Katika miaka ya 1970 na 1980 fedha na wataalamu wa nje waliokuja Morogoro walikuja na ng'ombe wao kichwani. Nchi ilikuwa inajenga mashamba makubwa ya serikali ya maziwa na ranchi, kama ile ya Kongwa iliyorithi ardhi ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kufa 1951. Mhitimu alitarajiwa kwenda kuyasimamia. Kwa hiyo alifundishwa ng'ombe wa banda, chakula cha kupimwa, uhimilishaji, chati za ukamuaji. Ni elimu nzuri, siibezi. Lakini mashamba yale mengi yalianguka au yakauzwa, na mhitimu akabaki na ujuzi wa ng'ombe ambaye Watanzania wachache sana wanaye. Sensa ya kilimo ya 2019/20 ilihesabu ng'ombe milioni 33.9. Zaidi ya asilimia 90 ni wa asili.

Lililofanikiwa zaidi, kwa maoni yangu, lilianza na mnyama mdogo. Miaka ya 1980 idara ya mifugo ya SUA, kwa ushirikiano na Wanorwei, ilileta mbuzi wa maziwa wa Norwei hapa Morogoro, kwenye shamba la chuo la Magadu. Morogoro Mjini pana joto, na mbuzi wa nchi ya theluji hafurahii joto. Ila nyuma ya mji kuna mlima. Ukienda Mgeta, upande wa magharibi wa Uluguru, ukapita Langali mpaka Nyandira, unakuta baridi ya kuvaa sweta mwezi Julai, miteremko iliyosimama kama ukuta, na watu wanaolima kabeji, viazi na karoti kwenye matuta. Ng'ombe pale utamweka wapi? Akiteleza utamkuta bondeni. Mbuzi anafungwa bandani, kwenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa, anakatiwa majani, na samadi inadondoka chini tayari kwa kwenda shambani.

Ili uelewe kwa nini jambo hili lina uzito, kumbuka Waluguru walishawahi kuletewa utaalamu na wakaukataa. Kuanzia mwaka 1950 hivi serikali ya Waingereza iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi mlimani kuzuia mmomonyoko, kazi ngumu isiyowapa chakula zaidi. Mwaka 1955 Matombo pakalipuka, polisi wakafyatua risasi, na mpango ukafa. Cha kuchekesha, au kusikitisha, ni kwamba Mgeta kwenyewe watu walikuwa wanajenga matuta kwa hiari yao, kwa sababu mboga zililipa. Hawakuwa wanachukia matuta. Walichukia kuchimbishwa.

Mbuzi walikuja kwa njia nyingine. Walipandishwa na wa kienyeji, wakatoa chotara wanaotoa kama lita moja au zaidi kidogo kwa siku, kwenye kaya ambazo maziwa hayakuwa kitu cha kila siku. Kuna vikundi vya wafugaji vilivyofika hadi kutengeneza mtindi wa maziwa ya mbuzi na kuuza. Na samadi, ambayo kwenye ripoti za mwanzo ilikuwa kama nyongeza tu, kwa mkulima wa kabeji pengine ndiyo sababu kuu ya kumfuga. Ukimuuliza mwanafunzi anafuga kwa ajili gani atakwambia maziwa. Ukimuuliza mama wa Nyandira, msikilize ataanza na nini.

Tatizo la Mgeta ni lile lile la hesabu. Mbuzi wa Norwei waliotoka Magadu hawakuwa wengi. Beberu mmoja mzuri akitumika kijiji kizima miaka minne, anakuja kuwapanda binti zake na wajukuu zake, kwa sababu hakuna aliyeandika. Watoto wanadhoofu, wengine wanakufa wadogo, na mfugaji anasema mbari imechoka. Haijachoka, imejirudia. Dawa yake ni kubadilishana mabeberu kati ya vijiji na kuweka kumbukumbu, kazi isiyohitaji fedha nyingi. Inahitaji mtu wa kuisimamia hata mradi ukishaisha, na mradi huwa una tarehe ya kuisha.

Sasa lile nililoliweka pembeni. Ukitoka Mgeta ukashuka mpaka tambarare za Kilosa na Mvomero, unakutana na mifugo ambayo shahada yetu kwa miaka mingi haikujua iseme nini juu yake. Wafugaji wa Kimaasai na Wabaraguyu wako mkoa huu kwa miongo mingi. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, mgogoro wa wakulima na wafugaji uliua watu 38. Hapo ni safari ya saa chache tu kutoka kwenye maktaba ya chuo.

Simaanishi kwamba wasomi wa mifugo wangeuzuia. Migogoro ile ni ya ardhi, mipaka, fedha na viongozi. Lakini angalia kilichokuwa kinafundishwa kuhusu wafugaji. Kwa muda mrefu vitabu vya malisho, vingi vya Kimarekani, vilifundisha kwamba kila eneo lina idadi yake ya mifugo inayoweza kubeba, na anayezidisha anaharibu. Mwaka 1968 Garrett Hardin aliandika makala maarufu iliyodai kwamba malisho ya pamoja lazima yaangamie. Ukiyaunganisha hayo mawili, mfugaji anayehama anakuwa mhalifu kabla hujamsikiliza. Katika miaka ya 1990 mawazo yalianza kugeuka. Watafiti wakiwemo Roy Behnke na Ian Scoones walionyesha, kwenye kitabu cha 1993, kwamba nchi kavu ambako mvua inabadilika sana mwaka hadi mwaka haina idadi moja sahihi ya ng'ombe. Kuna mwaka inabeba wengi, kuna mwaka haibebi hata nusu. Anayehama na mvua anafanya hesabu, tena ngumu kuliko ya kwangu ya mbuzi.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inahitaji nafasi ya kuhama, na Morogoro nafasi inazibwa: hifadhi huku, mashamba ya miwa kule, vijiji katikati. Kwa hiyo hata nadharia mpya haimpi mwanafunzi jibu rahisi la kwenda nalo Kilosa. Inamnyima tu jibu rahisi la zamani. Nadhani hayo ni maendeleo, ingawa mtihani wa mwisho wa muhula hauyapendi majibu ya namna hiyo.

Leo idara imebeba wanyama, viumbe maji na nyanda za malisho kwa pamoja, na mwanafunzi anaweza kumaliza akiwa anajua zaidi sato kuliko ng'ombe. Kampasi ya pili iko Mazimbu, kwenye majengo ya shule ya wapigania uhuru wa ANC, waliofuga na kulima wenyewe hapo mpaka walipoikabidhi kwa Tanzania mwaka 1992. Na kuna panya buku, ambao tangu 2000 wamefundishwa hapa SUA na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Wageni wote wanataka kuona panya. Hakuna anayeomba kupelekwa kuona mbuzi.

Ng'ombe wa Mpwapwa wamebaki wachache, wengi wao kwenye vituo vya serikali. Ukiwa mwaka wa tatu unatafuta mada ya utafiti na bumu lako linaruhusu nauli, Mpwapwa ni basi la siku moja kutoka Msamvu. Ulizia daftari za uzazi kabla hujaulizia ng'ombe.